Seva Inapokataa Kuamka: Historia ya Daftari la fstab

Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili aliyepanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, aliangukia transfoma. Transfoma ikazima. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na mzigo, ikazima nayo, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwenye gridi. Kenya nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na maofisa wa wanyamapori.

Habari ya tumbili ilizunguka dunia. Isiyosimuliwa ni kazi inayofuata kila umeme unapokatika ghafla namna hiyo, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura. Umeme unarudi, feni za seva zinaanza kuvuma, maandishi yanapita mbio kwenye kioo, kisha yanasimama. Inabaki mistari michache myeupe juu ya weusi, inayosema mfumo fulani wa faili umeshindwa kupachikwa, na chini yake ombi: weka nywila ya msimamizi mkuu ufanye matengenezo, au bonyeza Control-D uendelee. Fundi anabonyeza Control-D. Mashine inajaribu tena, inarudi palepale.

Asiye na uzoefu huamini diski imekufa. Mara nyingi diski ni nzima kabisa. Mashine imefika mahali ambapo watu, kwa nyakati tofauti katika kipindi cha zaidi ya miaka 50, waliamua kwamba ni heri isimame imsubiri binadamu kuliko iendelee kuandika juu ya kitu isichokuwa na hakika nacho. Uamuzi huo una historia, na fundi anayeijua huwa hapotezi muda kununua diski mpya.

Neno lenyewe ndilo mwanzo. Mafundi wa Afrika Mashariki husema "kumaunti", lakini Kiswahili kilikuwa na kitenzi chake tangu zamani: mshale hupachikwa kwenye uta, jambia hupachikwa kiunoni. Kupachika ni kukitia kitu mahali pake kikakaa, na kinyume chake, kupachua, ni kukitoa salama. Hicho ndicho hasa kilichokuwa kikifanyika kwa mikono katika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza Unix. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya mfumo huo, cha tarehe 3 Novemba 1971, tayari kina mount.

Mwaka 1974 wawili hao waliieleza mashine yao kwenye jarida la Communications of the ACM. Ilikuwa PDP-11/45 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 144. Ilikuwa na diski moja ya kudumu yenye megabaiti 1, vinasa vinne vya diski za kutoa na kutia, kila moja megabaiti 2.5, na kinasa kimoja kikubwa cha megabaiti 40. Picha moja ya simu ya leo ingeweza kuijaza ile diski ya megabaiti 2.5 ikabaki. Mzizi wa mfumo ulikaa kwenye diski ya kudumu. Ile kubwa, yenye faili za watumiaji, ilipachikwa na programu ya kuwashia mfumo. Vile vinne vidogo viliachiwa watumiaji, kila mtu aje na diski yake.

Kuja na diski kulikuwa kuja nayo kweli, mkononi. Katriji ya kinasa aina ya RK05 ilikuwa sahani ya upana wa inchi 14 ndani ya kasha la plastiki, mfano wa sinia la chai lenye mfuniko. Mtu alifungua mlango wa mbele wa kinasa, akaisukuma ndani, akafunga, kisha akageuza swichi kutoka LOAD kwenda RUN. Sahani ilianza kuzunguka hadi ikafikia mizunguko 1,500 kwa dakika, na taa ikawaka kuonyesha kinasa kiko tayari. Hapo ndipo alipoiandikia kompyuta amri ya mount, kuiambia kwamba yaliyomo kwenye sahani ile sasa yaonekane ndani ya folda fulani. Akimaliza, alipachua kwa amri kwanza, ndipo akatoa kwa mkono. Aliyegeuza utaratibu huo aliharibu diski.

Shida ya seva inayokataa kuamka ilizaliwa humo. Mara mfumo ulipoanza kukaa kwenye diski zaidi ya moja, ilibidi kitu fulani wakati wa kuwaka kijue diski ipi ipachikwe wapi. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kitu hicho kilikuwa hati fupi iitwayo /etc/rc, na ndani yake mstari mmoja tu wa kupachika diski ya /usr. Amri ya mount yenyewe iliwekwa kwenye folda ya /etc, katika diski ya mzizi, wala isingeweza kukaa /usr: ufunguo wa chumba haufungiwi ndani ya chumba.

Sasa, umeme ukikatika?

Unix haikuandika kila kitu kwenye diski papo hapo. Diski zilikuwa za polepole, hivyo mabadiliko yalikaa kwanza kwenye kumbukumbu, na programu ndogo iitwayo update ikayasukuma kwenda kwenye diski kila baada ya sekunde 30. Umeme ukikatika kati ya msukumo mmoja na mwingine, diski ilibaki na habari nusu. Faili imeshafutwa lakini jina lake bado lipo kwenye folda. Faili ipo lakini hakuna folda inayoitaja. Kibaya kuliko vyote, bloki moja ya diski inaonekana kuwa mali ya faili mbili. Msomaji yeyote aliyewahi kusikia kesi ya kiwanja kimoja chenye hati mbili anajua inavyokuwa: wote wawili wana karatasi halali, na kila anayejenga anabomoa cha mwenzake. Mfumo ukipachika diski ya namna hiyo na kuanza kuandika, uharibifu unazaana. Kosa la faili mbili jioni linakuwa kosa la faili 200 asubuhi.

Mwanzoni matengenezo yalikuwa ya mkono. Toleo la saba lilikuwa na icheck iliyohesabu bloki, dcheck iliyolinganisha folda na idadi ya viungo vya kila faili, ncheck iliyotafuta jina la faili kwa kutumia namba yake, na clri iliyoifuta rekodi ya faili isiyookoleka. Kila moja ilitoa orodha ya namba. Msimamizi alizisoma, akaamua mwenyewe nani afe na nani abaki, akaandika amri. Ilikuwa kazi ya upasuaji, na anayeshika kisu ndiye yule yule aliyeamshwa usiku.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Theodore J. Kowalski wa maabara za Bell aliandika programu iliyozikusanya kazi hizo pamoja: fsck. Inastahili kuhesabiwa miongoni mwa programu zilizookoa kazi nyingi zaidi za watu duniani, ingawa ni wachache wanaomjua aliyeiandika. Fsck ilipita kwenye diski kwa awamu tano. Kwanza ilihakiki bloki na ukubwa wa kila faili, na hapo ndipo viwanja vyenye hati mbili vilipogundulika. Pili ilifuata majina kutoka mzizi kwenda chini. Tatu iliangalia kama kila folda imeunganika na mti. Nne ilihesabu viungo, na tano ilikagua orodha ya bloki zilizo wazi. Penye shaka iliuliza: nirekebishe? Msimamizi akajibu ndiyo au hapana.

Faili zilizokutwa hazina mzazi hazikutupwa. Zilihamishiwa kwenye folda iitwayo lost+found, ambayo hadi leo ipo juu kabisa ya kila diski ya ext4. Wengi huiona, wasijue ya nini. Ukiifungua baada ya ajali unakuta vitu vyenye alama ya reli na namba tupu, bila jina, kwa sababu jina hukaa kwenye folda na folda imepotea. Fundi anafungua kimoja kimoja: hii ni barua, hii ni kipande cha hifadhidata, hii ni picha ya mtu. Folda hiyo ilipaswa kutengenezwa mapema na kuachiwa nafasi wazi ndani yake, maana Kowalski hakutaka programu yake ichukue bloki mpya kwenye diski ambayo hesabu yake ya bloki haiaminiki. Huyu alikuwa mtu makini.

Hatua iliyofuata ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ndiyo iliyojenga kioo cheusi anachokutana nacho fundi wa leo. Katika toleo la 4.0BSD, la mwaka 1980, orodha ya vya kupachika iliondolewa ndani ya hati ya kuwashia ikapewa daftari lake: /etc/fstab. Muundo uliozoeleka leo ni mstari mmoja kwa kila mfumo wa faili, wenye safu sita: kifaa, mahali pa kupachika, aina, masharti, namba ya nakala rudufu, na namba ya zamu ya ukaguzi. Mzizi hupewa zamu ya 1, wengine 2, na asiyekaguliwa 0. Zamu hizo zilikuwa na hekima yake: diski mbili tofauti zikiwa na zamu moja, zinaweza kukaguliwa kwa pamoja na muda ukaokolewa.

Marshall Kirk McKusick na wenzake waliibadilisha fsck pia. Waliipa chaguo la kufanya usafi peke yake wakati wa kuwaka, bila kuuliza. Lakini waliiwekea mpaka: irekebishe yale tu yanayotarajiwa baada ya kuzimika ghafla, mambo ambayo jibu lake ni moja. Ikikuta jambo lisilotarajiwa, iache kila kitu, itoe ishara ya kushindwa, na mfumo ubaki katika hali ya mtumiaji mmoja hadi aje binadamu. Hapo ndipo ulipoandikwa mkataba ambao haujavunjwa hadi leo. Kwenye Linux ishara hizo zina namba hizi: 0 maana yake safi, 1 makosa yamesahihishwa, 2 washa upya, 4 yamebaki makosa yasiyosahihishwa. Seva inayosimama kwa sababu fsck imerudisha 4 inatii mpaka uliochorwa Berkeley.

Mfumo mpya wa faili wa Berkeley, uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983, ulileta zawadi nyingine kwa waliokwama. Bloki kuu, ile inayobeba maelezo ya mfumo mzima, ilinakiliwa sehemu nyingi za diski. Ikiharibika ya kwanza, fsck inaelekezwa kwenye nakala. Linux ilirithi busara hiyo: kwenye diski ya ext4 yenye bloki za kilobaiti 4, amri ya e2fsck -b 32768 husoma nakala ya kwanza, na diski iliyodhaniwa imekufa husomeka tena.

Kisha mtandao ukaingia. Mwaka 1985 Sun Microsystems ilitoa NFS, na ghafla mstari wa fstab uliweza kutaja folda iliyo kwenye mashine ya chumba kingine. Aina mpya ya kukwama ikazaliwa siku hiyo. Seva ya kwanza inapachika folda ya seva ya pili, na seva ya pili inapachika folda ya ile ya kwanza. Siku za kawaida hakuna tatizo, kwa sababu haziwashwi pamoja. Umeme wa jengo zima ukikatika na kurudi, zinaamka kwa sekunde moja, kila moja inamsubiri mwenzake amalize kuwaka, na zinaweza kusubiriana hadi kesho. Dawa zilipatikana: sharti la bg linaloruhusu mashine kuendelea kuwaka huku ikijaribu kwa nyuma, na baadaye kwenye Linux sharti la _netdev linaloiambia isubiri mtandao kwanza. Hata hivyo dawa hizo hufanya kazi zikiandikwa, na kwenye ofisi nyingi hugundulika hazikuandikwa siku ile tu gridi inapoanguka.

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, aliazima mfumo wa faili wa Minix: ukomo wa megabaiti 64, majina ya herufi 14. Aprili 1992 Mfaransa Rémy Card alileta ext, na Januari 1993 ext2, uliobeba Linux karibu muongo mzima. Ext2 uliandika hali yake kwenye bloki kuu. Ukipachikwa, alama inakuwa "si safi". Ukipachuliwa vizuri, inarudi "safi". Mashine ikiwaka na kukuta "si safi", inajua mara ya mwisho haikuzimwa, ilizimika. Uliongezewa pia kihesabio: baada ya kupachikwa mara 20 na kitu, au baada ya siku 180, ukaguzi kamili ulifanyika hata kama hakuna kosa. Diski za megabaiti 500 zilivumilia. Zilipofika mamia ya gigabaiti, msimamizi aliyewasha seva upya kwa dakika mbili, akiwa amewaahidi watu mfumo utarudi mara moja, alijikuta akitazama asilimia zikipanda polepole kwa saa nzima. Mwaka 2011 watunzaji wa programu za ext waliacha kuuwasha ukaguzi huo wa kihesabio kwa diski mpya.

Kuna kisababishi kingine cha enzi hiyo kinachostahili kutajwa kwa sababu bado kinatesa mashine kuukuu za ofisi na shule: betri. Ubao wa kompyuta una betri ndogo mviringo, CR2032, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, na umeme ukikatika, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Inasoma kwenye diski kwamba ilipachikwa mara ya mwisho "mwaka ujao", yaani wakati ambao kwake haujafika. E2fsck inaona jambo lisilowezekana, inalalamika, na zamani ilikuwa kawaida mashine kusimama hapo. Theodore Ts'o, mtunzaji wake, alilazimika kuipa uvumilivu wa hadi saa 24, kwa ajili ya mashine ambazo saa yake imewekwa kwa wakati wa mahali badala ya wakati wa dunia. Betri iliyokufa inazidi uvumilivu huo. Fundi anaweza kuhangaika na diski kutwa nzima, na dawa ni kibetri cha bei ya soda moja au mbili.

Jibu la kweli la tatizo la ukaguzi wa saa nzima lilikuwa daftari la awali. Mwenye duka mwangalifu haandiki moja kwa moja kwenye kitabu kikuu; anaandika kwanza kwenye daftari la siku, kisha anahamisha. Akiitwa nje katikati ya kazi, akirudi anajua alipoishia. IBM ilifanya hivyo kwenye AIX mwaka 1990 kwa mfumo wa JFS, na Silicon Graphics ikafuata na XFS mwaka 1994. Kwa Linux, Stephen Tweedie wa Scotland alieleza mwaka 1998 jinsi ya kuipa ext2 daftari bila kuibomoa, na matokeo yake, ext3, yaliingia kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, namba 2.4.15 mnamo Novemba 2001. Keneli hiyo hiyo ilikuwa na kasoro iliyoharibu mfumo wa faili wakati wa kupachua. Toleo lililoleta kinga likaleta na ugonjwa, na 2.4.16 ikatolewa siku chache baadaye kuuponya. Ext4 ikatangazwa kukomaa Desemba 2008, na seva iliyozimika ghafla sasa huamka kwa sekunde chache kwa kusoma daftari lake.

XFS inahitaji tahadhari yake. Kwa kawaida programu ya fsck.xfs haifanyi kitu chochote, kwa makusudi. Inarudisha 0 na kuondoka, kwani kazi ya kusoma daftari hufanywa na upachikaji wenyewe. Palipoharibika kweli hutumika xfs_repair, nayo hukataa kuanza kama daftari halijasomwa. Hapo wengi hukimbilia chaguo la -L, ambalo hulifuta daftari, na pamoja nalo mabadiliko ya mwisho kabla ya ajali. Anayelitumia kabla ya kujaribu kupachika na kupachua kwanza anatupa data ambayo bado ingeokoleka.

Ukaguzi ulipoacha kuwa kikwazo, majina yakachukua nafasi yake. Kwa miaka mingi mistari ya fstab ilitaja /dev/hda1 au /dev/sda1, majina yanayotolewa na keneli kwa mpangilio wa kuzigundua diski. Ongeza diski moja, na iliyokuwa sda inaweza kuamka ikiitwa sdb. Katikati ya miaka ya 2000, keneli ilipobadilisha jinsi ya kuendesha diski za IDE, mashine nyingi zilizoboreshwa ziliamka na kukuta hda haipo tena duniani. Ubuntu ya Oktoba 2006 ilihamia kwenye UUID, namba ndefu ya tarakimu na herufi inayoandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe unapotengenezwa. Diski ikihamishwa waya, namba yake inahama nayo. Lakini diski ikifutwa na kutengenezwa upya, namba inabadilika, na fstab inabaki ikimtaja marehemu.

Ndipo ikaja systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa mfumo wa Linux. Lennart Poettering na Kay Sievers waliitoa mwaka 2010, na Fedora ikaichukua kama msingi wake Mei 2011. Mpangilio wa zamani ulisoma fstab, ukajaribu kupachika, na palipokosekana diski ya pembeni ulipiga kelele kidogo na kuendelea. Systemd iliusoma kila mstari kama agizo. Kifaa kisipoonekana, nyota nyekundu zinatembea kushoto na kulia kwenye kioo huku sekunde zikihesabiwa hadi 90; zikiisha, seva nzima inaingia hali ya dharura. Debian 8 ilipotoka Aprili 2015, maelezo yake ya kutolea yaliwaonya watumiaji juu ya badiliko hilo, na kuwaelekeza waandike nofail kwa diski isiyo ya lazima. Ambao hawakusoma walijua kwa njia ngumu: mstari wa diski ya nje iliyochomolewa miaka mitatu nyuma, uliosahauliwa, ulisimamisha seva ya kazi.

Wengi waliilaumu systemd. Kwa haki, haikustahili lawama yote. Mstari usio na nofail ulikuwa na maana ile ile tangu mwanzo, kwamba mfumo huu wa faili unahitajika. Ni utekelezaji uliokuwa legevu. Na ulegevu una madhara yake. Seva ya hifadhidata iliyowaka bila diski yake ya data huandika kwenye folda tupu iliyo chini ya mahali pa kupachika, wateja wanahudumiwa, na jioni mtu anagundua kwamba rekodi za siku nzima zimekaa mahali pasipo pake. Kusimama kunaonekana. Hilo la pili halionekani hadi limeshaharibu.

Mawingu ya kompyuta yaliuweka mkataba wa Berkeley kwenye mtihani mgumu. Amazon ilipoanza kukodisha seva za EC2 mwaka 2006, na diski za EBS mwaka 2008, ile sentensi ya "weka nywila" ilibaki bila kibodi mbele yake. Juu ya hilo, picha nyingi za seva hizo hazina nywila ya msimamizi mkuu kabisa, kwa usalama, hivyo hali ya dharura inamkataa hata mwenye mashine. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuizima seva, kuitoa diski yake ya mzizi, kuiunganisha kwenye seva nyingine iliyo hai, kuipachika humo, kusahihisha mstari mmoja wa fstab, kuipachua na kuirudisha. Ni kazi ile ile ya katriji ya RK05, kuitoa sahani kinasa hiki na kuitia kile, ila sasa hakuna anayeigusa. Konsoli ya kuingilia moja kwa moja kwenye EC2 ilikuja mwaka 2021.

Aliyekaa mbele ya kioo cheusi leo ana urithi wote huo mkononi. Amri ya journalctl -xb inamwonyesha ni mstari upi ulioshindwa kwanza. Ya chini yake mara nyingi ni matokeo tu. Blkid inamwonyesha namba halisi za diski zilizopo, azilinganishe na zilizoandikwa. Kama mzizi umepachikwa kwa kusomwa tu, amri ya mount -o remount,rw / inaufungua ili aweze kuhariri. Kama diski yenyewe inatoa makosa ya kusoma, asiendeshe fsck juu yake. Anakili kwanza kilichopo kwenye diski nyingine, afanyie matengenezo nakala. Na kama keneli inasema haiwezi hata kupachika mzizi, aangalie folda ya /boot: ikiwa imejaa, masasisho ya mwisho huenda hayakumaliza kuandika kile kifurushi kidogo cha kuamshia, na keneli iliyotangulia, inayochaguliwa kwenye menyu ya kuwashia, kwa kawaida bado inaamka.

Kwa wanaotunza seva za hospitali, shule, SACCOS na ofisi za kaunti au halmashauri, ombi ni moja. Leo, kabla gridi haijaanguka tena, fungueni /etc/fstab muusome mstari kwa mstari. Futeni wa diski isiyokuwepo, andikeni nofail kwa isiyo ya lazima, kisha endesheni findmnt --verify na mount -a mkiwa bado mmeingia kwenye mashine, huku mnaona majibu yake.